Nani Kasema Mtoto Huyu Hana Mtu?

Kutoka Gatina, Kawangware, hadi Lavington si safari. Unashika Barabara ya Gitanga, unawapita wauza makaa na vinyozi, mara vumbi linakatika, miti inaanza, na askari wa lango anakuuliza unaenda kwa nani. Shangazi yangu alijibu swali hilo kila asubuhi kwa miaka mingi, maana alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba za watu. Mwaka 2014 aliowafulia walikuwa mume na mke Waitaliano, waliopanga nyumba ndogo ya vyumba viwili. Hawakuja Kenya kutazama simba wala kufanya kazi. Walikuja kusubiri.

Mtoto mwenyewe walikuwa naye tayari, mvulana aliyekaribia mwaka mmoja. Aliokotwa Kibera akiwa na siku chache, akakulia katika makao ya watoto, kisha wakakabidhiwa. Walichosubiri ni mahakama. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtaka mwombaji akae na mtoto hapa hapa nchini miezi mitatu mfululizo, na baada ya hapo kesi nayo ina kalenda yake. Ndiyo maana miaka ile wageni wa namna hiyo hawakuwa wachache Kilimani na Lavington. Jumamosi ungewaona wakisukuma vigari vya watoto, watu wakiwageukia. Hawa wa Shangazi walikuwa wameacha kazi zao Italia. Walikuwa na picha ya chumba cha kwao kilichopakwa rangi ya samawati, kitanda kimetandikwa, hakijalaliwa. Shangazi akawafundisha kukoroga uji wa wimbi usifanye madonge. Akawafundisha na kumfunga mtoto mgongoni kwa leso. Mama ilimshinda. Baba aliweza, akawa anazunguka naye sebuleni mpaka alale.

Mwishoni mwa Novemba mwaka huo Baraza la Mawaziri likatangaza kwamba uasili wa watoto wa Kenya unaofanywa na wageni umesimamishwa mara moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ulanguzi wa watoto, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka ule ilikuwa imeitaja Kenya kuwa nchi ambako watu hutolewa, hupitishwa na hupelekwa. "Chai ilipoa mezani mpaka ikafanya utando," Shangazi alitusimulia. Faili ya wale wawili ilikuwa imeshafika kwa jaji, na mwaka uliofuata waliondoka na mtoto wao. Lakini jioni ile ya tangazo, akimenya viazi, Shangazi alisema neno ambalo halijanitoka hadi leo.

"Karatasi zinasema yule mtoto hana mtu. Kibera nzima ile, hana mtu? Hata shosho?"

Naiunga mkono amri ile ya 2014. Naiunga mkono nikijua jinsi ilivyowakata maini watu waliokwisha kupaka chumba rangi, watu ambao hawakumlangua mtu. Ila miaka yote hii nimekuwa nikisikia mjadala ukiendeshwa kana kwamba anayesubiri ni mmoja tu, naye yuko ng'ambo. Habari za magazeti ya kwao zilikuwa hivyo, na za kwetu tukaziiga. Familia inasubiri, moyo unauma, serikali ya Kiafrika imefunga lango. Shosho wa Lindi au Gatwekera, kule Kibera, hasubiri chochote kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna kitu cha kusubiri.

Tuanze na hilo neno "hana mtu". Mtaani tunalitumia kila siku. Kijana akikamatwa na kanjo na asitokee wa kumfuatilia, tunasema hana mtu. Mgonjwa asiyeletewa uji wodini hana mtu. Hakuna anayemaanisha kwamba ukoo wake umekwisha duniani. Tunamaanisha kwamba hakuna mwenye nauli, nafasi na ujasiri wa kusimama dirishani akataja jina lake. Faili hulisoma neno hilo vingine kabisa. Likishaandikwa na kupigwa muhuri, maana yake ni kwamba mtoto huyu anaweza kupewa mtu mwingine.

Na huandikwaje? Tuseme mtoto ameokotwa kando ya reli pale Laini Saba, au nyuma ya vibanda vya Kawangware 46. Aliyemwona anapiga ukelele, akina mama wanakuja na leso, mmoja anakwenda kituo cha polisi, jambo linaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio. Mtoto anapelekwa hospitali. Afisa wa watoto anaitwa, mahakama inatoa amri apelekwe makao. Kuanzia hapo polisi wana miezi sita ya kuwatafuta jamaa zake. Wasipopatikana, barua ya mwisho inaandikwa, na mtoto anaweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Ukiusoma utaratibu huo mezani, huna la kuulaumu.

Shida iko kwenye kutafuta. Kibera ni Kianda, Soweto, Kisumu Ndogo, Makina, Mashimoni, Silanga na vijiji vingine, na chumba kimoja cha mabati kinaweza kuona wapangaji watatu ndani ya hiyo miezi sita. Msichana wa miaka kumi na sita aliyejifungulia chooni usiku halipi kodi kwa jina lake, hana kitambulisho, na pengine keshapandishwa basi kwenda Kisii au Siaya kabla jua halijawa kali. Anayemjua ni mama wa madondo aliyemkopesha, na yule aliyekuwa akimpimia mafuta ya taa. Mama wa madondo aliona shati la shule likibana tumboni tangu Machi. Huyo ndiye wa kuulizwa. Naye haulizwi mara moja na mtu mwenye sare na kijitabu. Huulizwa kwa kuketi, kwa kununua chapati, siku tatu, nne, mpaka aseme "kuna msichana fulani". Kukaa ofisini miezi sita ukingoja mama ajitokeze, huku anajua kutupa mtoto ni jela, hakuwezi kuitwa kutafuta.

Na hao ni waliookotwa. Wengi wa watoto walio katika makao yetu hawakuokotwa popote. Walipelekwa wakishikwa mkono, na shosho, na shangazi, na mama mwenyewe, kwa sababu makao yana chakula na shule, na nyumbani hakuna. Aliyempeleka anaweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Anachokuwa amekubali, kwa fahamu zake, ni kulelewa.

Hapa ndipo penye fundo la mambo yote. Lugha yetu ina neno kulea na neno kuasili. La kwanza tunalijua tangu utotoni. Mtoto wa dada yako anakuja Nairobi kusoma, unamlea. Anakuita mama, anakula kwako miaka kumi, na bado ni wa dada yako, na siku ya kuolewa kwake dada yako ndiye atakayeketi mbele. Kuasili ni neno la vitabu na mahakama. Linasikika kama "asili", nami nadhani aliyelichagua alitaka kusema kwamba mtoto anapewa asili mpya. Kisheria ndivyo ilivyo hasa, maana haki zote za mzazi wa kwanza hukatika, mtoto huwa kana kwamba alizaliwa katika nyumba ile nyingine. Jaribu kumweleza shosho wa Gatwekera kwamba kuna karatasi inayoweza kufanya mjukuu wake awe hajawahi kuwa mjukuu wake. Atadhani unamtania.

Sizushi. Oktoba 2006, mwimbaji Madonna alipomchukua mtoto David Banda kutoka Malawi, dunia nzima iliona picha. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Baba, Yohane Banda, mkulima, alikuwa hai na alikuwa amempeleka mwanawe katika kituo cha watoto. Baba huyo aliwaambia wanahabari kwamba hakuelewa kuwa anamtoa mtoto kabisa kabisa. Alidhani analelewa, anasomeshwa, siku moja atarudi. Baadaye alisema hataki uasili ule ubatilishwe, na mtu asimlaumu. Lakini kile alichodhani ndicho kila mtu wa ukanda huu angedhani. Alikuwa anafikiri kwa neno kulea, wenzake wakiandika neno lile lingine.

Jirani zetu Uganda waliliona kwa ubaya zaidi. Familia moja ya Ohio ilimwasili msichana mdogo kutoka huko mwaka 2015, ikaambiwa hana wa kumtunza. Mtoto alipokwisha kujifunza Kiingereza cha kutosha alianza kusimulia nyumbani kwao, na mama aliyekuwa akimpikia. Mama alikuwa hai, na aliambiwa mtoto anakwenda kusoma. Ile familia ikafanya jambo ambalo wachache wangelifanya: ikampandisha mtoto ndege, ikamrudisha kwa mama yake. Agosti 2020 serikali ya Marekani ikawawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, kwa madai kwamba wazazi vijijini walihadaiwa kuwa watoto wao wanapelekwa Kampala kwa elimu, kumbe wanaandaliwa wageni wa kuwachukua.

Congo nayo ilifunga mapema kuliko sisi. Septemba 2013 Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto waliokwisha kuasiliwa. Mamia ya familia za Marekani na Ulaya zikakwama, nyingine zikiwa na hukumu mkononi. Mei 2014 ndege ya serikali ya Italia ilitua Ciampino, Roma, na watoto 31, waziri Maria Elena Boschi akishuka nao. Nilizitazama zile picha mara nyingi. Machozi, puto, mabango. Sikuona hata picha moja ya upande wa pili, ya nyua ambako watoto hao 31 walitoka, ya kumwonyesha aliyebaki mlangoni kama alikuwepo.

Wanaotetea uasili wa ng'ambo hupenda kusema kwamba watoto wetu wanaozea kwenye makao kwa ajili ya kiburi cha utaifa. Sentensi hiyo ina kweli ndani yake, nitaifikia. Lakini Kenya haikubuni kiburi. Ilijiunga mwaka 2007 na Mkataba wa The Hague wa 1993, na mkataba huo wenyewe unaweka foleni: kwanza mtoto abaki na watu wake, ikishindikana atafutiwe familia nchini mwake, na ng'ambo iwe ya mwisho. Sisi tuliigeuza foleni. Aliyetoka mbali akawa wa kwanza, kwa sababu alikuwa na wakili na nguvu ya kusubiri. Familia ya Marekani inayoasili kutoka nje hutumia dola 20,000 na kupanda kwa mashirika, mawakili, safari na karatasi. Upande wa shosho kuna ile fedha ya serikali ya watoto yatima na walio katika hali ngumu, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2004, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo huja inapotaka kuja. Piga hesabu kwa dola ya shilingi 129. Gharama ya kumtoa mtoto mmoja ingempa shosho zile elfu mbili kwa miezi 1,290. Ni zaidi ya miaka mia moja. Mtoto angekuwa ameshazika wajukuu wake.

Dunia yenyewe imeanza kushtuka. Mwaka 2004, kilele cha biashara hii (nalitumia neno biashara kwa makusudi), watoto wapatao 45,000 waliasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Uholanzi ilisimamisha Februari 2021 baada ya kuchunguza yaliyofanyika kwa miongo, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018, na China, iliyotoa wengi sana, ikafunga 2024. Kenya, angalau safari hii, haikuwa ya mwisho darasani. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likarudia amri ile ile.

Basi lango limefungwa. Halafu?

Hapo ndipo ninapogeuka na kuwatazama wenzangu. Tulimfukuza mgeni foleni, kisha sisi wenyewe hatukupanga. Nina jirani Kawangware, fundi wa cherehani karibu na Stage 2, ambaye yeye na mumewe walikaa miaka tisa bila mtoto. Walipoamua kuasili, walitaja jambo hilo kwa watu wawili tu. Wakajaza fomu, wakakaguliwa nyumba, kitanda cha mtoto wakanunua soko la Toi kwa bei ya mitumba, wakakifunika shuka ili anayeingia aone ni meza. Ofisi moja iliwaambia warudi Jumanne, na Jumanne ile ikarudiwa kwa karibu miaka miwili. Ilipokaribia, yule mama alianza kuvaa magauni mapana na kufunga kitambaa tumboni, kila mwezi akikiongeza. Kisha wakahama kwenda Kabiria, asiwepo mtu wa kumhesabia miezi. Hakuiba, hakudanganya mahakama, alikuwa na kila karatasi inayotakiwa. Aliona haya tu, na haya hiyo ni yetu sisi tuliompa.

Walichukua wa kike. Wengi hutaka wa kike, na ukikaa na watu wa makao watakwambia bila kuficha. Mvulana ana neno shamba nyuma yake. Sheria iko wazi kwamba mtoto aliyeasiliwa anarithi sawa na aliyezaliwa humo, lakini ndugu za mume hawasomi sheria, wanapima ekari. Kwa hiyo yule mvulana wa Lavington, kama asingepata Waitaliano wake, huenda angekuwa bado anasubiri Mkenya asiyemwogopa. Na mtoto asiyetembea, mtoto mwenye virusi, ndugu watatu wasiotaka kutenganishwa, hao wageni walikuwa wakiwachukua na sisi hatuwachukui. Hii ndiyo ile kweli niliyosema nitaifikia. Inauma, na haifutwi na yaliyotokea Uganda.

Serikali inasema njia imepatikana. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia, na Sheria mpya ya Watoto ya mwaka huo huo ikatambua kafala, malezi ya yatima kwa desturi ya Kiislamu. Kwa Makina hilo si geni. Wanubi, ambao babu zao askari ndio walioikuta Kibera ikiwa msitu na kuipa jina hilo la msitu, wamekuwa wakilea yatima kwa njia hiyo vizazi na vizazi. Mtoto anaingia nyumbani, anakula, anasomeshwa, na jina la baba yake linabaki lake. Ilichukua Bunge hadi 2022 kuandika kitu ambacho bibi yeyote wa Makina angekieleza akichambua mchele.

Lakini mkakati usiokuwa na nauli ni kitabu tu. Kaunti ndogo ya Kibra inahitaji watu wa kwenda kuketi kwa mama wa madondo. Inahitaji mtu anayeweza kupanda basi la usiku kwenda Siaya kumtafuta dani, yaani shosho, wa mtoto, na kurudi na jibu. Zaidi ya watoto 40,000 wako kwenye makao nchini, na wengi wao majina ya jamaa zao yamo humo humo ndani ya faili. Hakuna siri ya kufichua. Ni kazi ya miguu.

Na kazi hiyo igharimiwe. Aliyekuwa tayari kulipa dola 20,000 ili ampate mtoto wa Kibera, na moyo wake ni safi kama ninavyoamini wengi walivyo, ana njia ya kumsaidia mtoto yule yule akiwa mikononi mwa shangazi yake. Hatapata picha ya uwanja wa ndege. Wale wageni wa wikendi wanaoleta biskuti na kamera kwenye makao ya Kawangware wangeanza kwa kuuliza swali moja kabla ya kupiga picha: huyu anatoka kwa nani?

Wewe Mkenya unayesoma haya na una chumba, umri usiopungua miaka 25 na nia, huhitaji kuwa tajiri wala kuwa na nyumba yako mwenyewe. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako ndiye mlango wa kwanza, na makao yana wavulana. Na wewe shosho, au wewe unayemjua shosho aliyeelemewa, kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, piga 116. Simu hiyo hailipishwi, mchana na usiku.